Doa Laini Kwenye Kitako

Kila Alhamisi asubuhi, kabla hata ya chai, Enid Rutter alitandika taulo kuukuu ndani ya beseni, akatia maji ya vuguvugu, akaosha chombo kimoja cha kioo. Kimoja tu, si viwili. Akishakikausha hukipima kwa rula, hukichora, kisha hupitisha kidole gumba ndani ya kitako akitafuta lile doa laini. Alhamisi hiyo mikono yake ilikuwa bado majini mlango ulipopigwa teke.

Alikuwa Cuthbert Lowes, mkusanyaji mwenzake wa vyombo vya kioo vya zamani, amekumbatia furushi la magazeti. "Pole kwa teke, Profesa. Mikono imejaa, na nilichobeba hutakipenda."

Alilifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na bakuli la sukari, alilolipata kwenye mnada wa kanisa kule Jarrow. Enid alilijua bakuli lile kama anavyoijua sura yake: mchoro ule ule wa ukili kama wa bakuli alilokuwa nalo, vishikio vile vile, hata mstari mwembamba ulioachwa na kalibu, yaani umbo la chuma la kukandamizia kioo, kwenye kishikio cha kushoto. Lakini kwenye kitako, pale ambapo lingekuwa doa, palikuwa na alama ya usajili yenye pembe nne, inayoonyesha mwenye mchoro, ya kiwanda kikubwa cha ng'ambo ya mto Tyne.

Enid aliketi bila kufuta mikono.

Miaka kumi na miwili alikuwa akikitafuta kiwanda cha Ebdon, kiwanda kidogo kilichokufa mwaka 1904 bila kuacha katalogi wala alama. Alichokuwa nacho ni bakuli la Bi Hester Maughan, mzee wa miaka tisini na mitatu, aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye baba yake, Ralph, alikuwa fundi kalibu wa Ebdon. Bakuli hilo lilikuwa na doa laini katikati ya vinukta vilivyoinuka, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Enid akaamini ndiyo sahihi ya Ebdon. Kwa doa hilo alikuwa amevitambua vyombo arobaini na vitatu, na sura ya sita ya kitabu chake ilisema kwamba mchoro wa ukili ulibuniwa na Ralph Maughan. Mchapishaji alikuwa akiingoja Jumatatu.

Cuthbert hakucheka. Alimweleza polepole jambo ambalo Enid mwenyewe alilijua vizuri: viwanda vikubwa viliuza kalibu zilizochakaa, vidogo vikanunua, na wengine walikwangua alama ya mwenye kalibu ili wasikamatwe.

"Hiyo si sahihi, Enid," alisema. "Hilo ni kovu la tupa."

Mchana Enid alipanda basi kwenda kwenye nyumba ya wazee, mvua ikinyesha njia nzima, mabakuli yote mawili mapajani. Bi Hester alikuwa karibu haoni tena, lakini alizijua hatua za Enid tangu mlangoni.

"Umechelewa. Nilidhani umekufa, nikaanza kuwaza nani atarithi kofia yako."

Enid alijaribu kucheka. Alimmiminia chai, akamwekea mabakuli mbele yake, akaanza kusema mengi yasiyo na kichwa wala miguu: kwamba kalibu huchakaa, kwamba vitabu vya namna ile husomwa na watu wachache.

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema Bi Hester. Alinyoosha vidole, akaviingiza ndani ya bakuli la kwanza, lake mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali. Akaviingiza ndani ya la pili. Vidole vilipoigusa ile alama, akaurudisha mkono mapajani.

Katika chumba cha jirani mtu alikuwa akikohoa bila kukoma.

Hatimaye bibi alisimulia. Baba yake aliileta kalibu nyumbani, akaikwangua kwa tupa kwenye meza ya jikoni Jumapili tatu mfululizo, mapazia yamefungwa, naye ni mtu aliyehubiri kanisani. Tangu hapo hakutaka bakuli lile liwekwe mezani wageni wakija.

"Uliponiuliza kama ni yeye aliyebuni mchoro, nikasema ndiyo. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za baba yangu ila wewe." Alitafuta mkono wa Enid mezani, akaukosa, akautafuta tena. "Iache habari hiyo kama ilivyo, mwanangu. Mimi sina muda mrefu."

Enid aliukamata ule mkono. Ulikuwa mwepesi na baridi. Hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote usoni. Siku zote alisema "tutaona", akaenda kulia nyumbani. Neno hilo lilimfika mdomoni hata sasa, akalimeza.

"Siwezi, Bi Hester," alisema. "Nitaliandika jina lake, lakini siwezi kumwita mbunifu. Nitaandika kwamba alifuta jina la mtu mwingine, na kwamba aliona haya."