Ufukwe Usio na Bahari

Kamati ya kuwapeleka watoto ufukweni ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mhazini na mjumbe wa huduma za jamii, na wote hao walikuwa wanaume wawili: Revelian na mdogo wake Rogers. Mama yao, Bi Kokushubila, hakuona ajabu. Wanawe hawakujua njia nyingine. Harusi ina kamati, kipaimara kina kamati, na hata friji jipya lilipoletwa hapo nyumbani Mwananyamala, kikao kilikaa mara mbili kuamua lisimame kona ipi.

Shida ilikuwa siku. Binti yake Gladness, mwalimu, alikuwa amehamishiwa Biharamulo, na Jumatatu alfajiri angepanda basi na watoto wake wawili, Brightson wa miaka mitano na Alinda wa mitatu. Watoto wamezaliwa Dar na maji ya bahari hawajawahi kuyagusa. Bibi alikuwa amemwahidi Brightson, na Brightson alikuwa mtoto wa kuamini ahadi. Tangu Jumatano alikuwa analala na kaptula ya kuogelea.

Jumamosi kamati ilienda kukagua fukwe, bila watoto, ili isisumbuliwe. Walirudi jua likizama, wamechoka. Revelian akafungua kikao sebuleni kwa sala, kisha akamwambia katibu asome taarifa.

Rogers akasimama. "Ufukwe wa kwanza, upande wa Kunduchi, saa nne asubuhi. Choo kipo. Kivuli kipo. Mchanga upo, tena umezidi. Bahari haikuwepo."

"Haikuwepo vipi, baba?" Bi Koku aliuliza.

"Haikuwepo, mama. Tumetembea weee, viatu mkononi. Vidimbwi tu. Nikamuuliza mlinzi, braza, bahari iko wapi? Hata kichwa hakuinua. Eti maji yametoka, yatarudi saa kumi."

"Majibu ya kiofisi," Revelian alisema kwa uchungu. Alikuwa karani wa masjala, majibu hayo aliyajua kwa undani. "Ukiambiwaga mhusika katoka, atarudi saa kumi, ujue harudi. Endelea, katibu."

"Ufukwe wa pili, upande wa Mbezi, saa kumi jioni. Bahari ipo, inagonga ukuta. Mchanga hakuna hata wa kujaza kikombe. Watoto wangekaa wapi?"

"Kwa hiyo safari inaahirishwa hadi Desemba," Revelian akahitimisha, "tupate ufukwe wenye vyote viwili."

Brightson, aliyekuwa chini ya meza na kaptula yake, hakulia. Alitazama tu miguu ya bibi yake.

Mlangoni alikuwa amesimama jirani, Bi Somoe, mjane wa mvuvi, na sahani ya kalimati. Alikuwa ameuma ncha ya khanga na mabega yanamtikisika. Hakuachia hata kicheko kimoja mpaka walipofika jikoni na kufunga mlango, na hilo Bi Koku aliliweka moyoni, kwamba mtu kajibana vile ili asiwaaibishe watoto wa mwenzie.

"Mie nife leo!" Somoe alifuta machozi. "Shoga, kwani maji ya kwenu Bukoba hayatoki?"

"Kwetu ni ziwa. Liko palepale tangu nizaliwe. Litoke liende wapi?"

"Bahari inakupwa na kujaa, kila siku, mara mbili. Siku hizi asubuhi inakupwa, jioni inajaa. Na hivyo vidimbwi walivyovidharau ndimo tulimokulia sie. Maji ya vifundoni, ya vuguvugu. Kwa mtoto mdogo hakuna pazuri kama pale. Kesho saa tano wapelekeni, maji yakianza kurudi mnatoka. Nitakuja nanyi."

Bi Koku alifikiri. Kumfundisha Revelian kuhusu bahari mbele ya mdogo wake kungemwumiza, na akiumia huwa anaitisha kikao kingine. Akarudi sebuleni.

"Mwenyekiti," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, na Revelian akajinyoosha kitini. "Ukaguzi wenu mzuri. Ila mmekaguaje ufukwe wa watoto bila mtoto?"

Rogers akapekua karatasi zake. "Mama ana hoja."

"Twende nao kesho, baada ya misa ya kwanza. Na twende kule kusiko na bahari. Kama haipo, watazama wapi?"

Rogers akainua mkono kuunga hoja. Ikapitishwa.

Jumapili saa tano, mchanga ulikuwa umetandaa hadi macho yanachoka. "Si nilisema?" Revelian akashika kiuno. Lakini Brightson alishakaa kwenye kidimbwi, maji yakimfika kitovuni. Kwanza alichota maji kwa viganja viwili, taratibu, kama yuko kanisani. Kisha akapiga kelele, "Bibi! Samaki ananitekenya!" Alinda alikuwa anamfukuza kaa, halafu kaa akawa anamfukuza Alinda.

Rogers alitumbukiza rula. "Kina, sentimita kumi na mbili. Mkaguzi wa kwanza ana maoni gani?"

"Mjomba, kaa na wewe."

Rogers akakaa, na suruali yake ya kanisani. Revelian yeye alibaki amesimama, akimkinga Alinda jua kwa faili la kamati, akimfuata kila alikokimbilia, mpaka mkono ukaanza kuchoka. Bi Koku aliona, akanyoosha mkono ampokee. Akakataa.

Ilipokaribia saa nane, Somoe akanyoosha kidole. Mstari mweupe ulikuwa unakuja taratibu juu ya mchanga. Revelian akafunga kifungo cha koti.

"Imerudi kweli," alinong'ona. "Tena kabla ya muda. Rogers, andika."

Rogers hakuandika. Karatasi zilikuwa zimelowa, na Brightson alikuwa anazikunja mitumbwi.

Jioni Gladness alikuwa anafunga mabegi, akageuza kichwa cha mwanawe aliyelala. "Mama, ona masikio haya, yamejaa mchanga! Hukumwogesha?"

"Nilimwogesha."

"Na haya?"

"Nimeyaona," Bi Koku alisema, akamfunika mjukuu wake shuka. "Ataoshwa Biharamulo."