Kobe wa Mama Jeet

Kitendawili. Sema tega. Msafiri wangu haagi mtu, maana popote alalapo yuko kwake. Konokono? Umekaribia, lakini huyu ana kucha. Haya, nipe mji. Nimekwenda Tanga, nimekula nimeshiba, nimerudi: ni kobe. Na aliyeletewa kobe huyo ni Bi Swaumu wa Mchafukoge, mama yake Rajabu, akaaye ghorofa ya pili. Tangu asubuhi alipomkuta mlangoni, hakujua kama ni wake au si wake.

Alimkuta ndani ya beseni. Beseni lenyewe lilikuwa la Bi Swaumu, lile alilompelekea jirani yake Mama Jeet siku ya Idd, limejaa kalimati. Watu wa pwani mnajua, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mama Jeet ni Mhindi wa baba na mama, lakini kazaliwa jengo hilohilo, na desturi hiyo anaishika kuliko wasichana wa leo. Miaka yote beseni lilirudi na ladu, au embe, au walau ndimu za kufutia aibu. Safari hii lilirudi na mnyama wa ukubwa wa kisahani, kajikunyata gambani, na mlango wa Mama Jeet una kufuli.

Mlinzi wa chini akaeleza kwamba Jeet, mwanawe anayeishi Uingereza, alikuja akamchukua mamaye alfajiri kwenda naye huko. Kifua kilikuwa kimemzidi. Bi Swaumu alikuwa akimsikia Mama Jeet akiongea Kigujarati na kitu kwenye kibaraza cha nyuma. Siku zote alidhani ni paka.

Husna, mke wa Rajabu, alisema hapana mjadala: chombo chetu, kilichomo chetu. Bi Swaumu akakataa. Mtu anayebebwa alfajiri hana nafasi ya kubisha hodi. Huenda huyu ni amana, na amana hutunzwa kama ilivyokuja. Akamwambia Husna amrekodie ujumbe kwenye simu. Akampa Mama Jeet pole, akaulizia wajukuu, kisha akasema:

"Mama Jeet, huyu umenipa, au umeniwekea?"

Jibu lilikuja kesho yake, limejaa kikohozi. Mama Jeet alisimulia baridi ya Uingereza, akamsema mkwewe asiyejua kusukuma chapati, akauliza kama mnyama anakula. Swali lenyewe akalipita kama mtu anayepita dimbwi. Bi Swaumu hakumbana. Anayesema nimekuwekea anaahidi kurudi. Anayesema nimekupa, ameshaaga.

Basi akamtunza kwa adabu zote za nyumba alikotoka. Kwa Mama Jeet haikuingia nyama, wala samaki, wala yai. Kwa ajili yake Bi Swaumu aliweka hata sufuria ya pekee isiyojua mchuzi wa samaki. Kobe naye akapewa mchicha, tango, na wali wa dengu, kwenye kona ya jiko yenye kivuli asisumbuliwe. Husna alipomtupia vichwa vya dagaa, Bi Swaumu alivitoa kwa mkono wake.

"Wewe ukimwacha mwanao kwa jirani," alimwambia, "ukarudi ukakuta analishwa nguruwe, utasema nini?"

Husna akasema yeye hajawahi kusikia kobe mwenye dini. Akaambiwa anyamaze.

Lakini kobe hakula. Macho yakavimba yakafumba. Kingo za gamba zikawa laini, zinabonyea kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Bi Swaumu alimbonyeza mara moja tu, akaacha. Akamfunika kwa khanga ndani ya kikapu, akashika njia ya Kariakoo, kwa Winifrida anayeuza samaki wa mapambo nyuma ya wauza kuku.

"Shikamoo, bibi. Huyu unamfuga kama kasa au kama kobe?"

"Marahaba. Namfuga kama Mhindi."

Winifrida alicheka mpaka akashika tangi. Kisha akayaona yale macho, kicheko kikakatika. Akamwonyesha miguu: kasa wa baharini ana makasia, kobe wa nchi kavu ana miguu kama mchi, lakini huyu ana vidole vyenye kucha na utando katikati. Akamwonyesha na shingo. Huyu harudishi kichwa moja kwa moja ndani. Anaikunja shingo ubavuni, kama mwanamke aliyebana simu begani huku anakuna nazi. Ni kobe wa maji, wa mtoni. Anataka maji ya kuogelea, jiwe la kupandia akauke, jua lisilopita kwenye kioo, na dagaa, minyoo, ini.

"Mboga kwake ni kachumbari tu, bibi. Usipompa nyama utamzika."

Palepale Bi Swaumu akampigia Mama Jeet aombe ruhusa. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile. Akatazama kikapu, akanong'ona kwamba dhambi na iwe yake, kobe hana kosa. Akapita buchani akanunua ini.

Alimhamishia kibarazani, kwenye karai na jiwe. Siku za mwanzo ini lililala tu chini ya maji, likatupwa. Kisha asubuhi moja jicho likafunguka, shingo ikachomoka kutoka ubavuni, ini likaenda, na kidole cha Bi Swaumu kikaponea chupuchupu. Alikuwa bado anakisugua simu ilipolia.

Hakungoja salamu ziishe. "Nimemlisha ini, Mama Jeet. Nisamehe. Alikuwa anakufa."

Kikajibu kikohozi, na ndani ya kikohozi, kicheko. Mama Jeet akaeleza kwamba miaka yote alikuwa akimnunulia dagaa, anawafunga kwenye gazeti, anawafunika kwa majani ya kotimiri apite nao mbele ya mumewe. Marehemu alikufa akiamini kobe anapenda kotimiri.

"Na mimi nimemshindisha njaa kwa heshima yako," alisema Bi Swaumu.

Wakacheka wote wawili mpaka Husna akatoka jikoni kutazama. Kicheko kikapungua chenyewe. Kobe alikuwa kapanda juani, kanyoosha miguu ya nyuma.

"Mama Jeet, nilikuuliza jambo."

"Nakumbuka."

Upande wa pili mtu alikuwa anafunga dirisha.

"Nimekupa, Mama Rajabu."