Kopo la Mama

Tangu kiharusi kimlaze, mama alikuwa amebakiwa na maneno machache, na moja alilitamka safi kabisa: kopo.

"Kopo langu," alisema kila alipoletewa maji kwenye chupa yenye mrija, kisha akafunga mdomo kama mtu aliyetukanwa. Ilikuwa siku ya pili hajanywa hata tone. Muuguzi alisema koo lake ni zima, ila asipokunywa hadi jioni, wampeleke hospitali akawekewe mpira wa kulishia puani.

Mwanawe wa kiume, fundi rangi, hakukaa bure. Alileta kopo la maziwa ya unga, akaleta la biskuti, mwishowe hata la rangi alilolisugua mpaka likang'aa. Mama alilitazama hilo la mwisho, akamtazama mwanawe, akageukia ukutani.

"Dada, si wewe ndiye Mama Kamusi?" fundi rangi akamwambia dada yake. "Unalipwa kwa kujua maneno. Haya, kopo ni nini?"

Ulikuwa utani, lakini ulimchoma. Dada mtu, mhariri wa kamusi, alishika njia hadi ofisini na kuvuta droo ya herufi K. Kadi ya neno hilo aliijua vizuri, maana aliihariri yeye wiki iliyopita. Maana ya kwanza: chombo cha bati cha kuhifadhia vitu. Maana ya pili, chombo cha kunywea, ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu. Chini yake mzee aliyemtangulia kazini alikuwa ameandika kwa penseli kwamba neno limetoka Kireno, na huko ni chombo cha kunywea hasa. Pembeni kulikuwa na mwandiko wake yeye, wa kujiamini: Hakuna anayesema hivi siku hizi.

Akaketi. Mama aliwahi kusimulia jinsi mawifi walivyomcheka alipoolewa, kwa sababu ya maneno aliyotoka nayo kwao, hata akayaacha moja moja. Sasa kiharusi kilikuwa kimefagia ya ukweni na kumwachia ya kwao.

Lakini kopo langu, lipi? Aliinua macho, na pale mezani palikuwa na kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, kimejaa kalamu. Alikitoa jikoni kwa mama miaka saba iliyopita, bila hata kuomba. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alizimwaga kalamu, akakiosha mara tatu, akakimbilia nyumbani.

Mama alikipokea kwa mkono wake mzima. Akanywa, akapumzika, akanywa tena hadi maji yakaisha. Kisha akachungulia ndani, akakunja uso.

"Kopo lina wino."

Fundi rangi alicheka. Dada yake alijaribu kucheka, akajikuta analia.

Kesho yake aliirudisha maana ya pili, akayafuta maneno yake ya pembeni, na penye nafasi ya mfano akaandika: Kopo langu lina wino.