Kidole Kisichosikia

"Kesho," Amma, mama yangu, alisema kwa mara ya nne. "Nikishapiga veena yangu kesho asubuhi, kateni mnachotaka."

"Daktari kasema leo wakate kidole, kesho utakuwa mkono," nilimjibu.

"Thenmozhi, mbona unapiga kelele kama muuza samaki? Leo ni siku ya mungu wa kike."

"Samaki akioza hutupwa, Amma. Humu ndani tunampaka manjano."

Mdogo wangu Kathir akacheka, kisha akainamisha kichwa.

Siku ya ibada ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu na muziki, ala na vitabu huwekwa mbele ya picha yake, na hakuna anayevigusa mpaka kesho yake. Veena ya Amma, ala yake ndefu ya nyuzi, ilikuwa pale, imepakwa sandali na kuvishwa asumini. Miaka hamsini na miwili alikuwa ameipiga, hekaluni, harusini na redioni, na asubuhi ya pili yake, ya kuiamsha kwa kuipiga, hakuwahi kuikosa hata mara moja.

Mwezi uliopita waya wa veena ulimchana kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Akaficha, na kisukari chake hicho, akaendelea kufundisha. Mimi nauza dawa za vidonda kwa nusu ya mji wa Kumbakonam. Kidonda cha mama yangu nilikijua kwa harufu. Sasa kidole kilikuwa cheusi mpaka kwenye fundo.

"Kidole hiki ndicho kilichokusomesha," alisema.

"Ahsante yake. Sasa kinakuua."

"Basi kiniue nikiwa na veena mapajani."

Nikaingia chumba cha ibada.

"Dada, usiguse!" Kathir alipaza sauti. "Utatuletea laana!"

"Ije kwangu."

Nikatupa maua pembeni, nikalibeba lile gogo la mfenesi lililochongwa kuwa veena, nikamwekea Amma mapajani.

"Piga sasa. Ukimaliza tunaondoka kwenda hospitali."

Nilidhani atanizaba kofi. Badala yake alivaa kucha zake za chuma za kupigia waya kwenye vidole vya kulia. Akakandamiza waya kwa kile cheusi, akauvuta pembeni ili sauti ipande. Haikufika. Akavuta tena, ikapitiliza. Usaha ukachuruzika juu ya nta iliyo chini ya waya, naye hakushtuka hata kidogo.

Wanafunzi wake wote aliwakaririsha neno moja: sauti haimo kwenye waya, imo kwenye kidole.

"Kathir," alisema. "Hiyo ni sauti gani?"

Kathir alifundishwa naye tangu ana miaka mitano. Alinitazama mimi kwanza.

"Si sauti, Amma."

"Mtoto wa wiki moja darasani angenishinda."

Akavua kucha zile, moja baada ya nyingine, akanitia mkononi.

"Kaite bajaji," alimwambia Kathir.

"Na veena? Niirudishe kwa mungu?"

"Iache hapo sakafuni."

Bajaji ilipofika, alitangulia yeye kupanda.