Waliopinga: Mmoja

Serikali iliposema watu wa mtaa wajadiliane kwenye jukwaa lake la mtandaoni, kama depo ya mafuta ijengwe kwenye chemchemi yao au la, Nicole ndiye aliyejitwika kazi. Alikuwa mwalimu, ana simu nzuri, na upande wao wote wa Mangobo ulimwamini. Heri wasingemwamini.

Jukwaa lilitaka kila raia aandike maoni yake. Lakini tangu lini watu wenye adabu huenda mbele ya Serikali kila mmoja akipayuka lake? Nicole aliwakusanya uani kwa Papa Sadrack, mzee wa mtaa, siku mbili mfululizo. Waligombana, wakanuniana, wakapatana. Mama Lydie, aliyekuwa hataki depo hata kuisikia, mwishowe alilegeza kamba: ijengwe, ila mbali, chemchemi iachwe. Familia mia mbili zilikunywa pale, na bomba hawakuwa nalo.

Chancelle, mwanafunzi wa chuo, alitoa simu yake. "Madame, na mimi niandike yangu?"

"Hapana. Tukiandika wengi, watasema hatuelewane. Tutasema na kinywa moja."

Wote waliafiki. Nicole akaandika ujumbe mmoja kwa niaba ya wote, Kifaransa safi, akausoma mara tatu kwa sauti kabla ya kuutuma. Walimpigia makofi. Naye alijiona mtu, tusifichane.

Ijumaa jukwaa likafungwa. Jumatatu matokeo yakatoka, akayasoma akiwa amesimama mlangoni mwa darasa. Waliounga mkono: arobaini na watatu. Waliopinga: mmoja. Wale arobaini na watatu, majina asiyoyajua hata moja, walikuwa wameandika neno moja tu: "Ndiyo." Chini yake Serikali iliwashukuru raia kwa mjadala mzuri. Ujenzi ungeanza mwezi huo huo.

Alitafuta mahali pa kujibu, hapakuwapo. Hakuna mwingine aliyewafunga watu wa mtaa midomo. Ni yeye.

Jioni alikuta ua umejaa. Walikuwa wamekuja na viti vyao, na kiti chake wamekiweka mbele. Mama Lydie alikuwa ametoka chemchemini, bidoni ya maji iko miguuni pake.

"Bon, Madame," akasema Papa Sadrack. "Serikali inajibu nini?"

"Inasema mutu moja tu ndiye alikataa, papa."

Mzee aliwatazama watu wote wale, mmoja mmoja, bila haraka.

"Mutu gani?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Nicole.