Mashimo Thelathini na Mawili

Otilia alianza kuchonga bao la baba yake Jumatatu, baada ya kuanika maharage. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao Litembo, ubao ameubana kwa magoti kama mtu anayekamua mbuzi. Ulikuwa ubao wa mninga, umepanda kutoka Tingi kwa bodaboda, umefungwa kwa mpira mgongoni mwa dereva. Bao la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa, na kwa miezi miwili Mzee Bernadi alicheza kwenye mashimo ya kuchimba uani, kuku wakimvurugia.

Zawadi hiyo ilikuwa na shabaha. Mzee Bernadi alijulikana kijiji kizima kwa tabia moja: akiletewa kitu, kabla hajakipokea, humwuliza aliyekileta anataka nini, na humwuliza mbele za watu. Jumapili ya pili ukoo ungekaa kugawa ardhi. Otilia alitaka shamba la mteremkoni. Mama yake, Tadea, alilichimba ngolo, mashimo ya kulimia mteremko, shimo kwa shimo mpaka alipozikwa pembeni mwake, na Otilia, aliyeanza kuchimba naye akiwa na miaka tisa, hakuwa ameacha. Kwao mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, na mtoto wa kiume hurithi.

Alipiga mistari kwa rula na penseli: safu nne, mashimo manane kila safu. Patasi ilipozama kwenye shimo la kwanza, ukatoka udongo. Ulikuwa mweusi, wenye ubichi wa mvua ya juzi, na ndani yake mlikuwa na nyungunyungu mmoja. Otilia aliukinga kwa karai akaendelea. Shimo la pili likawa vilevile. Jioni karai lilijaa, na asubuhi alijitwika akaurudisha udongo shambani, maana ulikuwa udongo mzuri.

Mwanahamisi, muuza usipa, dagaa wa ziwani, anayepanda kutoka Mbamba Bay siku za gulio, alimletea kete: vijiwe sitini na vinne vya ufukweni, vimelainishwa na ziwa. Aliinama kwenye karai, akasugua udongo kwa vidole.

"Ndio mninga wa Tingi huu?"

"Ndio huo."

"Basi nitilie kwenye kopo, shoga. Vitunguu vyangu vimedumaa, kule kwetu mchanga mtupu."

Otilia akamjazia kopo.

Kwenye shimo la mraba, lile wachezaji waliitalo nyumba, patasi iligonga chuma. Ilikuwa ncha ya jembe la Tadea, iliyokatika mwaka ule wa mvua nyingi na kutafutwa siku nzima bila kuonekana. Otilia aliifuta, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akapiga msasa, akapaka mafuta ya alizeti.

Kikao kilikaa baada ya misa. Cletus, mdogo wake, alikuwa amekuja kutoka Songea, anakouza simu. Mzee Bernadi alilitazama bao kwenye mkeka bila kuligusa.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Shamba la mama."

Watu walitazama chini. Mzee alisema aombe kingine. Otilia alisema hana kingine. Mzee akamtajia mbuzi jike, yule mwenye mimba.

"Mbuzi nitamfunga wapi, baba? Kwa Cletus?"

Mzee Tarsisi, jirani na mshindani wa siku zote wa Mzee Bernadi, alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Cletus, ili kupoza mambo, alilivuta bao kwake, akalisifu, akatia kiganja ndani. Mashimo yakaziba. Yaliziba taratibu, yote thelathini na mawili, kete zikiwa ndani, ukabaki ubao laini kama meza. Cletus aliondoa mkono akaufuta kwenye suruali. Tarsisi naye alijaribu, ubao ukakaa vilevile. Wakamwita Otilia. Alipoweka kiganja, mashimo yalifunguka, kila moja na kete zake mbili, na unyevu kidogo chini. Walirudia mara tatu ili wawe na hakika. Mansuetus, katibu wa kikao, aliliandika jambo hilo chini ya Mengineyo.

Tarsisi alisema bao linamjua aliyechimba. Hakuna aliyebisha. Mzee Bernadi alisema ni kweli tupu, yeye mwenyewe amekula kutoka mashimo ya shamba lile miaka arobaini. Kisha akampa Cletus shamba.

"Bao limesema kweli," alisema. "Na ukoo una utaratibu wake."

Walipiga makofi. Cletus, kwa wema, alimruhusu dada yake aendelee kulima pale mpaka yeye atakapoamua kupanda miti ya milingoti.

Tangu siku hiyo wazee walicheza kila alasiri, na Otilia alikaa upande wa kichwa cha bao, mkono wa kushoto juu ya ubao, wa kulia ukichambua maharage. Siku moja aliinua mkono katikati ya mchezo. Mashimo yakaziba.

"Mwanangu, Tarsisi alikuwa anakula kete," Mzee Bernadi alisema.

"Shamba la mama."

Walingoja kwa adabu, kama watu wanaongoja mvua ipite, mpaka sufuria jikoni ikaanza kunukia kuungua. Otilia alikwenda akaiepua. Aliporudi walikuwa bado wanangoja, na baba yake alikuwa amesinzia akiwa ameshika kijiwe kimoja. Otilia akaweka mkono.

Machi, Cletus alikuja kutazama shamba lake. Siku hiyo Otilia aliondoka na jembe alfajiri, ncha ya jembe la mama yake ikiwa bado imefungwa kwenye pindo. Barazani wanaume watatu walikaa kuuzunguka ubao mtupu. Kutoka pale mteremko wote ulionekana, na mgongo wa Otilia umeinama kati ya miraba ya majani aliyoilaza mwenyewe.

Alipomaliza shimo la kwanza, shimo moja lilifunguka kwenye ubao. Tarsisi alilichungulia, akasema kete zimo zote mbili. Likafunguka la pili. Walikunywa chai, wakaongelea bei ya kahawa, wakala ugali aliouacha Otilia umefunikwa. Mashimo yaliendelea kufunguka kwa mwendo wa jembe lake, na pale alipopumzika nayo yalipumzika.

La thelathini na mbili lilifunguka alasiri. Mzee Bernadi alijisogeza karibu, akanyoosha kanzu.

"Anza wewe, Cletus," alisema. "Mwenye shamba ndiye huanza."

Juu mteremkoni Otilia alikuwa ameanza safu nyingine.