Onja Kwanza

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Desemba ile ya mwaka tisini na tisa mitihani ilikuwa imekwisha, chuo chetu cha Gisenyi kilikuwa karibu kufungwa, na kila mmoja alikuwa na raha zake ndogo. Zangu mimi: kulala tena baada ya kengele. Kununua sambaza, vile visamaki vidogo, za kukaanga kwa wamama wa ziwani, nikizila zingali moto ndani ya karatasi huku natembea. Na kuliko zote, chai ya maziwa na tangawizi ambayo Xavérine, tuliyelala naye chumba kimoja, alinipikia kila siku saa kumi na moja jioni kwenye mbabula, jiko lake dogo la makaa.

Xavérine ndiye rafiki pekee niliyekuwa naye pale. Nyumba yetu ya Kanzenze ilikuwa haijajengwa upya tangu vita, sikuwa na pa kwenda Noeli, naye alikuwa ameniambia tutavuka wote mpaka Goma kwa mama yake. Niliisubiri safari ile hata usingizi ukapungua.

Halafu nikaona jambo. Wiki nzima ananimiminia chai, yeye hanywi. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu ndani. Hata marehemu bibi yangu alionja kabla ya kunipa, mimi mjukuu wake! Xavérine alinipa kikombe kimejaa, kisha akakaa kunitazama.

Basi nikaanza kuchunguza mengine. Mchana haendi kula. Alfajiri namsikia akitafuna gizani peke yake, taratibu kama panya. Na matokeo yalipobandikwa, mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa pili. Nikawa namwaga chai dirishani akigeuka. Tumbo likaniuma vilevile.

Verediane wa chumba cha jirani, anayependa maneno kuliko chakula, ndiye aliyenimaliza.

"Kampire, mutu anapika chai muzuri vile na hainywe? Chunga roho yako."

Alhamisi Verediane alikuwa amekaa kitandani mwangu akisuka nywele zake. Xavérine akaleta kikombe. Sikukipokea.

"Onja kwanza," nikamwambia.

Alicheka kidogo. "Kunywa, itapoa."

"Mi sitakunywa kama we haujaonja."

Kicheko kikamtoka usoni. "Njo unafikiri mi naweza kukuroga, Kampire?"

Verediane aliacha kusuka. Sote watatu tulijua kwamba jina la mrogaji, mtia watu sumu, likishakukalia chuoni, halikutoki tena. Xavérine alitazama dirishani, jua lilikuwa bado juu kidogo ya milima ya Kongo. Kisha akainua kikombe akanywa, si funda moja bali nusu nzima, akanipa kilichobaki. Nikanywa. Ilikuwa tamu. Moyo ukatulia, nikamtabasamia. Yeye hakutabasamu.

Verediane alipotoka, Xavérine alikaa chini akajifunika kitenge mabegani.

"Mama yangu iko muislamu," akasema. "Mwaka huu nilimuahidi tutafunga Ramadhani pamoja, ye kule, mi hapa. Sikutaka maneno ya ba Verediane na wenzake. Leo ilikuwa siku ya nane."

"Ilibaki saa moja tu! Juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuniuliza. Uliniambia nionje."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtu ana njaa na kiu tangu alfajiri, anakaa juu ya moshi wa makaa kunipikia mimi, nami nikamwaga. Nikamwomba radhi, nikarudia mara ya pili na ya tatu. Akasema si kitu, siku ile ataifunga tena baada ya Idi. Kuhusu kuifunga nilimwamini; kuhusu ile "si kitu" sikuwa na hakika.

Ijumaa hatukusema mengi. Jumamosi asubuhi nilivaa viatu mapema, nikafunga mkoba wangu kwa safari ya Goma, nikakaa kitandani. Xavérine alikunja blanketi lake, akaangalia chini ya kitanda kuhakikisha hajasahau kitu, akachukua sanduku.

"Bon, Kampire. Noeli njema," akasema, akanipa mkono kama tunavyowapa mkono walimu.

Niliitikia vizuri kabisa. Nilibaki nimekaa pale, mkoba mapajani, mpaka mlinzi alipokuja kufunga mabweni akaniuliza nangoja nani.